SOMO LA MTO WENYE MIPINDO
Jinsi maji yanavyokula shamba ng'ambo moja na kujenga udongo ng'ambo ya pili

Ninyi ndugu wa Masereka na wa vijiji vyote vya milima ya Lubero, ninyi mnaolima viazi, kabeji na maharagwe mabondeni, na ninyi mlio na watoto waliokwenda kutafuta dhahabu upande wa magharibi, somo hili ni lenu. Lisomeni polepole. Asiyejua kusoma asomewe na mtoto wa shule.

Mimi ni monitere wa kilimo. Kabla ya kuwafundisha ninyi, sharti niseme kosa langu. Nilipoanza kazi, mama mmoja mjane alikuwa na shamba kwenye mpindo wa kijito. Kati ya shamba na maji palikuwa na matete mengi. Nikamwambia, "Mama, matete haya yanakunyima fasi. Yafyeke, uongeze mistari mitatu ya kabeji mpaka majini." Akanisikiliza. Mvua za Machi zilipokuja, mistari ile mitatu ilianguka mtoni. Mvua za Septemba zikachukua minne tena, pamoja na viazi. Yule mama hakunitukana. Aliniambia tu, "Mwanangu, uliniambia nifyeke, nikafyeka. Sasa uniambie watoto watakula nini." Sikuwa na jibu. Kwa hiyo nilianza kujifunza habari ya mto, na nilichojifunza nawapa ninyi.

1. Maji ya mto hayatembei kama askari

Ukitazama mto kutoka mbali unadhani maji yanashuka pamoja, kama askari katika mstari. Sivyo. Tupa jani mtoni ukalifuate kwa macho. Litakwenda mbele, litazunguka, litarudi nyuma kidogo, litazama, litatokea tena. Ndani ya mto mna mizunguko mingi ya maji, mikubwa na midogo. Mmoja unazaa mwingine, na huo unazaa mwingine mdogo zaidi, hata ule mdogo kabisa unakwisha.

Mwaka 1883, katika mji wa Manchester huko Uingereza, mwalimu mmoja aliyeitwa Osborne Reynolds alipitisha maji katika bomba la kioo, akatia ndani yake uzi mwembamba wa rangi. Maji yalipotembea polepole, uzi ule ulinyoka kutoka mwanzo hata mwisho. Alipoyaongeza mwendo, uzi ulitikisika, ukakatika, na rangi ikatapakaa katika bomba lote. Hivyo alionyesha kwamba maji yana namna mbili za kutembea: kwa utulivu, na kwa kuvurugika. Maji ya mito yetu karibu siku zote yanatembea kwa kuvurugika, hata pale ambapo juu panaonekana laini.

Kwa nini jambo hili ni kubwa kwa mkulima? Kwa maana kuvurugika huko ndiko kunakoinua udongo. Tazama chungu cha maharagwe juu ya moto. Maji yakitulia, maharagwe yanalala chini. Maji yakichemka, yanapanda na kushuka, na maharagwe yanapanda pamoja nayo. Mto wakati wa mvua nyingi ni kama chungu kinachochemka.

2. Mzigo wa mto

Udongo, mchanga na mawe yanayochukuliwa na maji huitwa mashapo. Mto unachukua mzigo huu kwa njia tatu.

Kwanza, mawe na kokoto zinabingirika chini. Ukisimama karibu na mto wakati wa mafuriko utasikia mawe yakigongana.

Pili, mchanga unaruka. Chembe inainuliwa na maji, inakwenda mbele kidogo, inaanguka, inainuliwa tena.

Tatu, udongo laini unaelea. Huo ndio unaogeuza maji kuwa mekundu au meusi. Hauanguki mpaka maji yamepata utulivu.

Ukitaka kuona kwa macho yako, fanya hivi. Chukua chupa ya kioo. Tia konzi moja ya udongo wa kando ya mto, jaza maji, funga, tikisa sana, kisha iweke mezani. Kokoto na mchanga vitashuka mara moja. Udongo laini utashuka baada ya saa nyingi. Kesho yake maji ya juu huenda yakawa bado na rangi. Sasa utaona tabaka juu ya tabaka: mzito chini, mwepesi juu. Mto nao unapanga mzigo wake hivyo hivyo.

Tena fahamuni jambo hili: mwendo ukiongezeka kidogo, nguvu inaongezeka sana. Maji yakienda mara 2 ya mwendo wa kwanza, msukumo wake juu ya jiwe unakuwa mara 4. Na kwa hesabu ya watu wanaosoma habari za mito, uzito wa jiwe yanaloweza kusukuma unakuwa mara 64. Kwa hiyo kijito ambacho mtoto anakivuka kwa mguu mwezi wa Julai, siku moja ya Novemba kinaweza kubingirisha jiwe ambalo wanaume wanne hawaliinui.

3. Habari ya mpindo

Mnaijua chukudu. Kijana anapotelemka na chukudu iliyojaa viazi, akifika kwenye kona mzigo unataka kwenda moja kwa moja. Unasukuma upande wa nje. Kijana asipojihadhari, viazi vitamwagika upande huo. Maji yakifika kwenye mpindo ni vivyo hivyo. Yanataka kwenda moja kwa moja. Yanaugonga ukingo wa nje, yanajaa huko, na usawa wake huko unakuwa juu kidogo kuliko upande wa ndani.

Lakini kuna jambo la pili, lililofichika. Maji ya juu yanakwenda mbio. Maji ya chini yanajisugua juu ya mawe na mchanga, mwendo wake ni mdogo, na nguvu yake ya kwenda nje ni ndogo. Basi maji yaliyojaa upande wa nje yanayasukuma maji ya chini kurudi upande wa ndani. Hivyo maji ya juu yanakwenda nje, yanashuka kando ya ukingo, yanarudi ndani yakipita chini, kisha yanapanda tena. Huku yanazunguka, huku yanaendelea mbele, mfano wa kamba iliyosokotwa. James Thomson alieleza jambo hili mwaka 1876. Mwaka 1926 Albert Einstein alilieleza tena kwa mfano wa majani ya chai katika kikombe.

Jaribuni nyumbani. Chukua sufuria pana, tia maji na konzi moja ya mchanga. Zungusha maji kwa mwiko mpaka yaende mbio, kisha toa mwiko ungoje. Wengi wanadhani mchanga utakwenda kando ya sufuria. Tazama: unakusanyika katikati! Maji ya chini yameurudisha. Kando ya sufuria ni mfano wa ukingo wa nje wa mto, na katikati ni mfano wa ukingo wa ndani.

Sasa mmeelewa mto unafanya nini. Ukingo wa nje unaliwa. Mzigo wa chini unasukumwa kuelekea upande wa ndani, na huko maji yanatembea polepole, mchanga unalala, fungu la mchanga linakua. Kila mwaka mpindo unazidi kupinda. Tena unateremka polepole, kwa maana maji hayaugongi ukingo zaidi katikati ya mpindo, bali chini kidogo ya katikati. Hapo ndipo mdomo wa mto. Na hapo ndipo lilipokuwa shamba la yule mama.

Siku nyingine mipindo miwili inakaribiana sana, na mafuriko yanakata shingo iliyobaki kati yake. Mto unapita njia fupi, na mpindo wa zamani unabaki pembeni kama kiziwa, kisha unakuwa tope na matete.

4. Ukingo unaanguka lini?

Wengi wanasema, "Mafuriko yamepita, sasa tumepona." Jihadharini. Wakati wa mafuriko maji yanachimba mguu wa ukingo kutoka chini. Lakini maji yaliyojaa yanauegemeza ukingo, kama mkono juu ya ukuta. Yakipungua, mkono unaondolewa, na udongo wa ukingo bado umelowa na ni mzito. Ndipo unapoanguka. Kwa hiyo msiache watoto kuchota maji wala kuchezea juu ya ukingo wa nje siku zifuatazo mvua kubwa. Ukiona ufa katika nchi, hatua moja au mbili kutoka ukingoni, ondoka hapo upesi.

5. Mtafuta dhahabu anajua somo hili

Mtu achekechaye dhahabu hakusoma kitabu cha Reynolds, lakini hatafuti kila mahali. Anakwenda kwenye fungu la mchanga la upande wa ndani, nyuma ya mawe makubwa, na katika nyufa za mwamba. Kwa nini? Mchanga wa kawaida una uzito mara 2.6 ya maji. Mawe ya bati, yaitwayo kasiteriti, mara 7 hivi. Dhahabu safi mara 19. Maji yakipunguza mwendo kidogo, dhahabu inakuwa ya kwanza kuanguka, na mchanga mwepesi unaendelea na safari. Hivyo mto ulichekecha tangu zamani sana, kabla ya kampuni ya Minière des Grands Lacs kuchimba dhahabu upande wa Manguredjipa zamani za Wabelgiji.

Lakini tazama madhara. Mtu akichimba ukingo kutafuta dhahabu anafanya kazi ya mafuriko kwa mkono wake mwenyewe. Udongo anaoutupa mtoni hautoweki. Unakwenda kulala mahali maji yanapotulia: katika chemchemi ya jirani, katika mfereji wa shamba, juu ya mawe ambapo samaki wanataga mayai. Kitanda cha mto kinapanda juu, na mvua ijayo mto hauna fasi ya kupita. Unaingia mashambani. Faida ni ya mmoja, na hasara ni ya kijiji chote kilicho chini.

6. Mito miwili ya kutufundisha

Katika milima yetu maji yanagawanyika. Mengine yanakwenda magharibi mpaka mto Kongo. Mengine yanashuka mashariki, kwenye bonde la ziwa Edward na mto Semuliki, hata kufika Nili.

Mto wa kwanza ni huo Semuliki. Unatoka katika ziwa Edward pale Ishango, kwenye urefu wa meta 910 hivi juu ya bahari, na kuingia ziwa Albert kwenye meta 620 hivi. Sehemu za chini unapita katika tambarare, na huko unapindapinda kama nyoka. Kwa mapatano ya mwaka 1915 kati ya Uingereza na Ubelgiji, sehemu ile ya chini ilifanywa kuwa mpaka. Leo ni mpaka wa Kongo na Uganda. Lakini mto haukutia sahihi katika mapatano hayo. Mahali pengine, hasa ambapo ng'ombe wengi wamekula majani na kukanyaga kingo, ukingo umeanguka na mto umehama. Mfugaji wa ng'ambo hii amepoteza malisho, na ng'ambo ya pili imeota nchi mpya. Serikali mbili zimekuwa na maneno juu ya jambo hilo. Ikiwa serikali zinashindana kwa sababu ya mpindo wa mto, si ajabu jamaa mbili za kijiji kushindana.

Mto wa pili ni Nyamwamba, unaotoka katika milima ya Rwenzori na kupita Kilembe na Kasese, upande wa Uganda. Huko Kilembe shaba ilichimbwa kwa wingi tangu mwaka 1956 hata karibu mwaka 1982, na mabaki ya machimbo yakaachwa karibu na mto. Mwaka 2012 moto uliunguza majani na miti sehemu za juu za mlima. Tarehe 1 Mei 2013 mvua kubwa ilinyesha. Mto ulibeba miti na mawe makubwa, ukavunja nyumba na madaraja. Mwezi wa Mei mwaka 2020 ukafanya vile tena, na hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Tena maji yanazidi kuyala yale mabaki ya machimbo na kuyapeleka chini, upande wa ziwa George. Fundisho lake ni hili: mlima ukiwa uchi na mabaki yakiwa kando ya maji, mto utabeba vyote viwili.

7. Kazi ya kufanya

Zamani za Wabelgiji watu walilazimishwa kuchimba mitaro na kupanda majani ya kuzuia maji milimani. Wengi waliichukia kazi ile kwa sababu ya kulazimishwa, nao walikuwa na haki ya kuchukia. Lakini msichukie mtaro kwa sababu ya fimbo. Fimbo imekwisha, mvua ingaliko. Fanyeni kwa faida yenu wenyewe:

Kwanza, acheni hatua 10 kando ya maji bila kulima. Acheni matete, na mahali yalipokwisha pandeni upya. Anzeni chini kidogo ya katikati ya mpindo, upande wa nje, kwa maana hapo ndipo penye hatari zaidi. Mizizi inashika udongo, na majani yaliyoinama yanapunguza mwendo wa maji.

Pili, msipande mikaratusi mikubwa juu kabisa ya ukingo uliochimbwa chini. Uzito wake na upepo vinauangusha, na mti ukianguka mtoni unageuza maji kwenye shamba la mwingine.

Tatu, mguu wa ukingo ukiliwa, pigeni vigingi chini, sukeni fito kati yake kama ukuta wa nyumba, jazeni mawe na matawi nyuma yake. Fanyeni kazi hii wakati wa maji machache.

Nne, msinyoshe kijito. Tuseme maji yanashuka meta 1 katika mwendo wa meta 200 wenye mipindo. Mkikata njia ya moja kwa moja ya meta 50, mteremko umekuwa mara 4. Maji yatachimba kitanda chake kuelekea juu, kingo za huko zitaanguka, na mzigo wote utatupwa kwa jirani wa chini. Mpindo ndio breki ya mto.

Tano, ng'ombe na mbuzi wanywe upande wa ndani, penye mchanga, kwa njia moja tu.

Sita, mwenye kusafisha mchanga wa dhahabu achimbe shimo la maji mbali na mto, tope litulie humo kabla maji hayajarudi. Akimaliza afukie mashimo. Asichimbe ukingo wa nje hata kidogo. Na asichome zebaki karibu na nyumba: mvuke wake ni sumu, unaharibu akili na figo, na watoto ndio wa kwanza kuumia.

Saba, tengenezeni milima. Mtaro mmoja unaofuata usawa wa mlima, wenye mstari wa majani juu yake, unazuia udongo mwingi kabla haujafika mtoni. Huo udongo ni chakula chenu.

8. Kupima mto

Msibishane kwa maneno, pimeni. Chukua vigingi 5. Kimoja kipige hatua moja kutoka ukingoni, cha pili hatua mbili, hata cha tano hatua tano. Andika tarehe. Baada ya kila masika hesabu vilivyobaki. Vikipotea 2 kwa mwaka, utajua shamba lako lina miaka mingapi. Kisha utaamua: kulinda, au kuhamisha nyumba mapema.

Namalizia habari ya yule mama. Alipokuwa akipoteza, jirani wa ng'ambo aliona fungu la mchanga linakua mbele ya shamba lake, akapanda maharagwe juu yake. Mama akasema, "Huu ni udongo wangu." Jirani akasema, "Mpaka ni mto." Kila mmoja alisema kweli kwa namna yake. Wazee waliketi siku mbili. Mwishoni walikubaliana kwamba mpaka usihesabiwe tena kutoka majini. Walipanda miti ya alama juu, pande zote mbili, mbali na maji, wakapima kwa kamba kutoka huko. Jirani akampa mama sehemu ya fungu lile kwa kulima wakati wa kiangazi, na pamoja wakapanda matete katika mpindo. Mimi nilibeba matete pamoja nao. Mistari saba ya shamba haikurudi. Lakini masika mawili yamepita, na kati ya vigingi vitano vinne vinasimama.

Maulizo ya kujibu

1. Katika mpindo, ukingo upi unaliwa na upi unaota mchanga?
2. Kwa nini mchanga unakusanyika katikati ya sufuria?
3. Mto unachukua mzigo wake kwa njia ngapi? Zitaje.
4. Kwa nini dhahabu inaanguka kabla ya mchanga?
5. Ukingo unaanguka zaidi wakati gani, na kwa sababu gani?
6. Kijijini kwako mpindo gani uko karibu na nyumba au shamba? Umekwisha piga vigingi?

Swali la sita halijibiwi kwa kinywa. Jibu lake liko kando ya mto. Chukua panga na vigingi vyako, twende.